Mtandao Unasumbua, Ami

Wa kwanza kupiga simu alikuwa karani wetu aliyekuwa Miritini akisubiri lori. Ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika arubaini, manyunyu ya kusi yakipiga madirisha ya ofisi.

"Fundi, nimetolewa. Nilikuwa ndani, sasa siko."

Nikamwambia asubiri kidogo. Sijaweka simu chini, akapiga dada wa hesabu, aliyekuwa nyumbani Mtwapa kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Kisha mwenzetu wa Embakasi, Nairobi. Kisha watu wawili wa Likoni, mmoja nyuma ya mwenzake. Habari yao ilikuwa moja: walikuwa wakifanya kazi bila shida, wakakatwa, na kila wakijaribu kurudi kompyuta inangoja dakika nzima halafu inakataa.

Wote niliwajibu sawa. "Mtandao unasumbua. Vumilieni kidogo."

Niliyasema maneno hayo mara sita kabla ya adhuhuri, na mara ya sita ulimi ulinigoma. Nilikuwa nimemkumbuka mtu mwingine niliyemwambia vivyo hivyo, kwa sauti ileile ya upole, wakati wa kaskazi. Mtandao wake siku hiyo ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia mlango.

Wiki saba zimepita tangu Jumatatu ile na bado inanirudia, hasa usiku. Naandika nione kama itatulia.

## Bawabu

Wengi wanaonisoma hapa ni mafundi wenzangu, kwa hivyo sitaeleza VPN kwa urefu: ni njia ya faragha ya kuifikia seva ya ofisi kupitia intaneti. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini. Hati zote, kuanzia bili za shehena hadi risiti za ada, zinakaa kwenye seva moja katika chumba cha nyuma, na watu wetu wametawanyika: Kilindini, kwenye bohari za kontena, njiani, majumbani. Anayetaka kuifikia seva akiwa nje anapitia OpenVPN, programu inayotengeneza njia hiyo. Niliiweka mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa wiki mbili za usiku.

Naipenda programu hii, na sioni haya kusema. James Yonan aliitoa mwaka 2001, baada ya kusafiri Asia ya Kati na kulazimika kuifikia kazi yake kupitia mitandao ya watu asiowajua. Ilizaliwa na wasiwasi wa msafiri: nani anasikiliza hapa katikati? Mtu wa bandari anauelewa wasiwasi huo bila kuelezwa.

Inayofanya kazi hasa ni sehemu isiyoonekana, wanayoiita dimoni: programu inayokaa nyuma, haina dirisha wala kitufe, inangoja tu. Jina lilianza MIT mwaka 1963, likichukuliwa kutoka kwa kiumbe cha kufikirika cha mwanafizikia Maxwell, aliyewekwa kwenye kitundu achague molekuli ipi ipite na ipi irudi. Nyumbani kwetu silitamki jina hilo. Kwa masikio ya Mombasa ni shetani, kitu cha kusomewa. Mimi huiita bawabu.

Bawabu wangu anasikiliza kwenye UDP, utaratibu wa kutuma paketi, yaani vifurushi vya data, mlango namba 1194. Kila mtu ana cheti chake, kitambulisho cha kidijitali chenye jina lake, na ufunguo wake wa siri. Ufunguo mmoja wa wote ungeniokolea kazi nyingi lakini niliukataa, kwa sababu siku ukipotea ofisi nzima inabadilisha kufuli. Kila mtu akiwa na cheti chake, unamtoa mmoja na wengine hawasikii hata upepo.

Hivyo ndivyo nilivyoamini.

## Kwa nini waliniamini

Huu ndio mji ambako nyaya za baharini zinatoka majini. TEAMS ilifika hapa mwaka 2009 kutoka Fujairah, SEACOM mwaka huohuo, EASSy mwaka uliofuata. Tumekua tukijua kwamba intaneti ni kamba iliyolazwa chini ya bahari, na kamba hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa ikaikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na wiki ile barazani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine.

Kwa hivyo ukimwambia mtu wa hapa mtandao unasumbua, hakuulizi zaidi. Ni kama kumwambia feri ya Likoni imechelewa. Anashusha pumzi, anaagiza kahawa, anangoja.

Ndiyo maana ni uongo mwepesi. Siku nyingi ni kweli.

## Mmoja mmoja

Nilianza kwenye waya, kwa mazoea. Laini ya ofisi ilikuwa nzima. Nikazima Wi-Fi ya simu yangu, nikatumia bando, nikaifikia anwani ya seva bila taabu. Dimoni ilikuwa hai, haijaanguka, haijajiwasha upya. Kila nilichokigusa kilikuwa salama, na simu zinaendelea kuita.

Kilichonitoa gizani ni namna walivyoanguka. Laini ikikatika, wote huanguka pamoja, kama taa za mtaa. Hawa walidondoka mmoja mmoja, kama maembe, kwa muda wa karibu saa nzima. Karani wa Miritini saa nne na dakika arubaini. Dada wa Mtwapa dakika saba baadaye. Wa mwisho, kijana wa Shimanzi, alidumu hadi saa tano na robo, na alikuwa akishangaa wenzake wanalalamikia nini.

Hapo nikakumbuka kitu nilichokisoma miaka mingi na kukiweka kando. OpenVPN haikagui cheti mlangoni pekee. Takriban kila saa moja, sekunde 3600 usipozibadilisha, pande mbili hupatana funguo mpya, na cheti hukaguliwa tena. Uliyemruhusu asubuhi anaulizwa jina lake upya, saa baada ya saa.

Kwa hivyo kuna dakika moja ambapo jambo fulani lilibadilika. Kabla yake kila mtu alikuwa mwema. Baada yake, kila aliyefikiwa na zamu ya kukaguliwa alikataliwa.

Nikachukua karatasi. Logi za seva yangu, yaani kumbukumbu za yaliyotokea, zinaandikwa kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu: logi ikisema 07:31, ukutani ni 10:31, na kinywani mwetu ni saa nne na dakika thelathini na moja. Nikapanda nayo juu, mstari kwa mstari, nikitafuta mtu wa kwanza kukataliwa. Alikuwa amejaribu kuingia dakika moja tu baada ya saa nne na nusu, na kabla yake hapakuwa na hata kosa moja.

Mstari wenyewe ulisema: VERIFY ERROR: depth=0, error=CRL has expired.

Orodha imepitwa na wakati.

## Orodha iliyokufa

CRL ni orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, yaani majina ya wasioruhusiwa tena. Ina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, zote zimetiwa sahihi ndani yake. Ukiiachia Easy-RSA, programu ninayotengenezea vyeti, mazoea yake, inaipa orodha siku 180. Na tangu toleo la 2.4 la OpenVPN, lililotoka Desemba 2016, tarehe hiyo inafuatwa kwa ukali. Bawabu akikuta orodha yake imekufa, hamkatai tu yule aliyeandikwa ndani. Anawakataa wote, kwa kuwa hawezi tena kujua nani ni nani.

Nikahesabu siku 180 kurudi nyuma. Wiki 25 na siku 5. Jumatano, saa nne na nusu asubuhi.

Orodha ile ilikuwa na jina moja tu.

Matengenezo hayakuchukua muda, ingawa yalinipa fundisho lake. Nilitengeneza orodha mpya, nikaiweka mahali pake, na watu wakaendelea kukataliwa. Faili nilikuwa nimeifanya ya root, mkuu wa mfumo, peke yake. Dimoni yangu ikishafungua mlango wake hujivua madaraka yote na kuishi kama mtumiaji aitwaye nobody, asiyemiliki chochote, ili hata ikitekwa mtekaji asipate la kuchukua. Niliipangia hivyo mwenyewe na bado naona ni mpango mzuri. Lakini asiyemiliki chochote hawezi kusoma faili ya mfalme. Nikamruhusu asome. Saa sita na robo wote walikuwa ndani.

"Fundi ametengeneza mtandao," wakasema.

Sikuwasahihisha.

## Jumatano ya kaskazi

Jina lile lilikuwa la mzee ambaye ofisi nzima tulimwita Ami, hata mkurugenzi. Ami alianza kazi ya kutoa mizigo enzi za karatasi za kaboni, hati inabebwa kwa mkono kutoka meza hadi meza. Nilipoajiriwa nilijua kompyuta na sikujua bandari. Yeye ndiye aliyenikalisha, akanifunza kusoma manifesti, orodha ya shehena ya meli, akanieleza kwa nini karani mzuri hulitazama tarakimu la mwisho la namba ya kontena kabla ya kitu kingine. Linakokotolewa kutoka herufi na tarakimu zilizotangulia. Likikosea, yote yamekosea. Miaka baadaye niliposoma jinsi kompyuta zinavyohakiki paketi nilihisi nimeshasoma somo hilo, kwa Ami, juu ya kikombe cha kahawa.

Goti lilipomzidi, nilimpelekea VPN nyumbani kwake Mji wa Kale. Nilikaa naye saa mbili hadi akazoea.

Kisha kampuni ikaanza kupunguza watu. Jumatano ile niliitwa juu, nikaambiwa: barua yake inapelekwa leo, mtoe kwenye mfumo sasa hivi. Sikuuliza neno. Nilishuka ngazi nikiwaza amri gani zinahitajika, na naliandika hili ingawa linaniuma: nilikuwa na hamu. Sikuwahi kubatilisha cheti hata siku moja. Nilitaka kuona kama mpango wangu unafanya kazi.

Easy-RSA haikuruhusu ubatilishe kwa kubonyeza tu. Inakutaka uandike neno zima, yes, herufi tatu, ili mkono upate nafasi ya kusita.

Mkono wangu haukusita.

Nikatengeneza orodha. Nikaongeza kwenye server.conf, faili ya mipangilio ya seva, mstari wa crl-verify unaomwambia bawabu aikague orodha, ambao haukuwepo kabla, kwani hakuna mtu aliyewahi kutolewa. Nikaiwasha dimoni upya. Dakika nne. Wote walikatika kwa kitambo kidogo wakarudi, isipokuwa mmoja. Kwenye logi niliona jina lake likija mlangoni, likikataliwa. Likija, likikataliwa.

Halafu simu ikalia.

"Mwanangu, nimekatika. Ninayo ile kontena ya mchele mkononi, imebaki hati moja tu."

"Mtandao unasumbua, ami."

Baada ya nusu saa akapiga tena. Nikamjibu vilevile. Kabla ya adhuhuri akapiga mara ya tatu, nami niliitazama simu ikiita juu ya meza hadi ikanyamaza. Barua ilimfikia baada ya alasiri.

## Kimya

Katika toleo tulilokuwa tukitumia, anayekataliwa kwa cheti kilichobatilishwa haambiwi chochote. Seva inamnyamazia. Kompyuta yake inangoja sekunde 60, halafu, kwa kukosa jibu, inabahatisha sababu na kumwandikia kwamba mashauriano ya funguo yameshindikana, kagua mtandao wako.

Kagua mtandao wako.

Nilikuwa nimeuona ujumbe huo mara mia. Jumatatu ile ndipo niliposikia kwamba ni sentensi yangu. Mashine na mimi tulimwambia Ami jambo moja, na mashine ilikuwa na udhuru: haikujua.

Kimya chenyewe sikilaumu. Nimekijenga kwa makusudi. Seva yangu inatumia tls-crypt, ufunguo wa pamoja unaofunika hata salamu ya kwanza, na paketi isiyobeba ufunguo huo inatupwa bila jibu. Anayepita akijaribu vitasa haoni hata kama kuna mlango. WireGuard, VPN nyingine, iliyoingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, inafanya hivyo tangu kuzaliwa kwake, na naiheshimu kwa hilo. Mwizi hastahili hata kikohozi cha mwenye nyumba.

Lakini Ami hakuwa mpita njia. Chuoni tulifundishwa adabu za hodi tukiwa wadogo: piga mara tatu, usipojibiwa ondoka, na ukiambiwa rudi, rudi bila kinyongo. Miaka yote nimeyachukua hayo kuwa mafunzo ya anayebisha. Sasa naona yanamgusa na aliye ndani pia. Ili mtu arudi bila kinyongo, lazima kwanza awepo wa kumwambia rudi.

Mimi nilimwacha Ami na kimya, kisha nikakipa kimya hicho jina la bahari.

Nimejitetea, sifichi. Njia hufungwa kabla ya barua kufika. Ndivyo kazi hii inavyofundishwa, kwa sababu mtu mwenye uchungu na ufunguo mkononi anaweza kufuta kazi ya miaka. Nakubali. Wala sidhani ilikuwa haki yangu kumpa Ami habari ya kuachishwa kazi. Ile ilikuwa habari ya mkurugenzi. Usiku wa tatu au wa nne nilikuwa nimeshajisamehe kwa hoja hizo, na usingizi ukakataa kuja. Kwa sababu kati ya kumwambia yote na kumdanganya palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema: "Ami, nimeamriwa nifunge njia yako, mpigie mkurugenzi." Nimeyahesabu maneno hayo. Ni saba.

## Siku 3650

Rafiki yangu fundi, nilipomsimulia upande wa kiufundi, alinishauri haraka: ipe orodha siku 3650, hutasikia habari zake tena maishani. Ni ushauri wa kawaida na wengi wanaufuata. Nilifungua vars, faili ya mipangilio ya Easy-RSA, nikaiandika namba, nikakaa nikiitazama.

Sikuihifadhi.

Sababu yake nilikuwa naijua kitabuni na sikuwahi kuihisi. Tuseme mtu anafanikiwa kuirudisha orodha ya mwaka jana mahali pa orodha ya leo. Sahihi ni halali, kila kitu ni halali, ila wote waliotolewa tangu wakati huo wamekuwa wasafi tena. Kinachouzuia ujanja huo usidumu ni tarehe ya kufa tu. Orodha yenye mwisho inamwambia bawabu kwamba yupo mtu anayeendelea kuitunza. Ikifika mwisho na hakuna aliyekuja, bawabu anafanya haki kutoiamini. Mimi ndiye niliyemwacha pale siku 180 bila kumtembelea.

Wala siwezi kumwachia cron, programu inayofanya kazi zenyewe kwa ratiba, kazi hiyo. Ufunguo wa mamlaka inayotia sahihi umefungwa kwa neno la siri, na kumpa cron neno hilo ni kulitundika ukutani kwenye seva. Ninachoweza kumwachia ni kusoma tarehe, kwa kuwa kusoma hakuhitaji siri, anitumie onyo zikibaki siku 30. Orodha yenyewe naifanya kwa mkono, siku ya kwanza ya kazi kila mwezi. Siku 180 nimeziacha zilivyo.

Na mara ya kwanza nilipokaa kuifanya hivyo, nikafungua index.txt, daftari la vyeti vyote, na kuisoma yote. Kila mstari unaanza na herufi moja. V ni cheti hai. R kimebatilishwa. E kimefikia mwisho wake chenyewe. Nilianza kusoma majina kwa sauti ya chini, na kwenye jina la tano nikanyamaza.

Dereva aliyeacha kazi zamani: V. Binti aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu akarudi chuo kikuu: V. Mhasibu aliyehamia kwa washindani wetu, mtu ambaye kweli angekuwa na la kutafuta humo: V. Njia zao zote zilikuwa wazi, kwa sababu tu siku walipoondoka hakuna aliyeniita juu. Katika faili nzima palikuwa na R moja, ya mtu aliyetufanyia kazi kuliko wote, na nilikuwa nimeiandika kwa dakika nne.

Nimewabatilisha wale watatu. Niliwapigia simu kwanza. Mhasibu alicheka akasema alishasahau kama anacho.

Kwa anayeondoka kwa salama sasa nafuata njia nyingine. OpenVPN inakuruhusu kumwekea kila mtu faili yake ndani ya client-config-dir, na ukiandika humo neno disable, hapiti. Nimejaribu kwa laptopu yangu: cheti kinakubaliwa, kisha jibu linarudi wazi, AUTH_FAILED, uthibitisho umeshindikana. Ni kukataliwa kunakojulikana kuwa ni kukataliwa. Mwongozo wenyewe unaonya usilitegemee neno hilo ufunguo ukiibiwa. Hapo ni orodha. Mimi natumia yote mawili kwa zamu, disable asubuhi, na jioni, akishaambiwa na wanaopaswa kumwambia, nabatilisha. Nikipigiwa simu katikati, nasema nilichofanya.

## Kibokoni

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Ami, Kibokoni, Mji wa Kale. Mjukuu alinijibu hodi, akasema babu yuko msikitini. Nikakaa barazani. Alirudi akitembea polepole, goti bado, akanisalimia kama mtu aliyeonana nami jana.

Kahawa ikaja. Nikamwambia yote, kuanzia kuitwa juu hadi simu ya tatu. Hakunikatiza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Huyu hapa alikuwa akitazama katuni kwa intaneti hiyohiyo. Katuni hazikukatika." Alimwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Mara ya pili nilikupigia nikijua. Nilitaka useme mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Akamtuma mtoto alete laptopu, ile ya zamani, yake mwenyewe. Programu ilikuwa bado imo, na faili niliyomwekea. Akabonyeza kuunganisha, akaigeuza tuione sote.

Tukangoja. Sekunde 60 ni nyingi mkikaa wawili bila kusema. Kijana mmoja akapita na mkokoteni wa maji. Mjukuu akachoka akaingia ndani.

Ujumbe ukatokea. Ami akaweka miwani, akausoma kwa sauti, Kiingereza chake cha hati za forodha.

"Inaniambia nikague mtandao wangu."

"Ndivyo inavyosema."

"Na wewe wasemaje?"

"Mtandao wako mzima, ami. Wewe umetolewa. Mimi ndiye niliyekutoa, Jumatano ile, saa nne na nusu."

Akatikisa kichwa kidogo, mara moja. Akaifunga laptopu, akaiweka pembeni, akanimiminia kahawa.

"Na ile kontena ya mchele, ilitoka lini?"

Sikujua. Nusu mwaka na zaidi, sikuwahi kuuliza.

Jumatatu nilipofika ofisini nilifungua faili la kontena ile kabla ya kazi nyingine, nikamwandikia Ami. Ilitoka Jumanne iliyofuata, alasiri, siku 2 baada ya siku za bure za kuhifadhi kontena kwisha. Ilikuwa ikingoja hati moja.